Kisu ni Nusu ya Dawa



Kanisa linaposikia kwamba ndugu fulani atapasuliwa goti, sote twajua la kufanya. Sahani yapitishwa siku ya Jumapili, mama za kwaya huleta walicho nacho, hata jirani ambaye hasali pamoja nasi hutoa kitu. Fedha ya upasuaji yapatikana, ijapokuwa kwa taabu. Siku yenyewe watu hujaa uani mwa hospitali. Ndugu yule anapoamka salama, twamshukuru Mungu, kisha kila mtu hurudi kwake, nasi twaona kwamba kazi imekwisha.

Mimi nasema kazi haijaisha. Imefika nusu tu. Nusu ya pili ni mazoezi ya miezi mingi, na nusu hiyo haina sahani, wala kwaya, wala wageni uani. Wengi huishia hapo njiani. Kwa hiyo nataka kuwaomba ninyi wakristo wa Murara, na ninyi wagonjwa, jambo moja: tusichange fedha ya kisu pasipo kuchanga pia kwa ajili ya mazoezi.

Goti na kamba zake

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi. Huko juu mfupa wa paja umeingia katika shimo la nyonga na kushikwa vizuri, lakini goti halina shimo la namna hiyo. Goti lashikwa na kano, yaani kamba ngumu ziungazo mfupa na mfupa. Kano kubwa ni nne: moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili katikati ambazo hupitana kama msalaba. Ile ya mbele kati ya hizi mbili huzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na goti lisipinduke mtu ageukapo ghafula. Hiyo ndiyo wachezaji wengi hukata.

Hapa kwetu sababu za kuumia goti hazikosekani. Mji wa Goma umesimama juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Mlima wa Nyiragongo ulituma mto wake wa moto katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na mara nyingine ukafika kando ya mji tarehe 22 Mei 2021. Mawe yake ni makali, yana mashimo, nayo huteleza wakati wa mvua. Kijana acheza mpira, mguu wake wanaswa na jiwe, mwili wageuka, goti labaki. Mama ashuka njia na bido ya maji ya lita 20 mgongoni, naye ateleza. Mwenye moto aangushwa barabarani. Mwenye chukudu, ambaye hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili, aparamia jiwe akiteremka na mzigo wa makaa.

Mara nyingi mtu husikia kitu kikikatika ndani. Goti huvimba katika saa chache. Baada ya majuma machache uvimbe hupungua, naye hudhani amepona. Halafu siku moja anageuka tu njiani, na goti lamtoka chini yake kana kwamba si lake. Hapo ndipo watu huanza kunena habari za upasuaji.

Si kila goti huhitaji kisu

Nianze na habari njema. Huko Sweden madaktari waliwachukua watu 121, vijana wenye kupenda michezo, waliokatika kano ya msalaba ya mbele. Wengine walipasuliwa mapema, kisha wakafanya mazoezi. Wengine 59 walipewa mazoezi kwanza, nao waliruhusiwa kupasuliwa baadaye kama goti lingewasumbua. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Baada ya miaka 2, kati ya hao 59 ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa kano baadaye. Na mafungu yote mawili yalikuwa na hali sawa.

Fahamuni vema maana ya habari hii. Haisemi kwamba upasuaji haufai. Mtu ambaye goti lake lamtoka kila mara, au aliyekata kano kadhaa pamoja, au ambaye gegedu ya ndani imepasuka na kufunga goti, yampasa asikilize ushauri wa daktari. Lakini angalieni: katika mafungu yote mawili kitu kimoja hakikukosekana, nacho ni mazoezi. Aliyepasuliwa aliyafanya, na asiyepasuliwa aliyafanya. Kisu chaweza kuachwa kwa wengine. Mazoezi hayaachwi kwa mtu yeyote.

Kwa nini miezi mingi?

Daktari haishoni ile kano iliyokatika kama fundi ashonavyo nguo. Mara nyingi hutwaa kamba nyingine ya mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya paja au chini ya pia ya goti. Hutoboa njia katika mfupa wa muundi na mfupa wa paja, hupitisha kamba ile, kisha huikaza kwa skrubu au kifungo kingine. Kazi hiyo yaweza kwisha kwa saa moja au mbili.

Lakini kamba ile sasa ni mgeni mahali pake. Haina damu yake. Ninyi mliolima Masisi au Rutshuru mwajua mambo ya chipukizi la mgomba lililohamishwa: kwanza majani hulegea, na mtu asiyejua hudhani linakufa, kumbe mizizi inatafuta ardhi. Ndivyo ilivyo kano mpya. Katika majuma ya kwanza hudhoofika kabla ya kupata nguvu. Mishipa midogo ya damu huingia polepole, na mfupa huishika polepole. Kazi hii ya mwili huendelea kwa miezi mingi, hata kupita mwaka.

Na hapa ndipo hatari ilipo: maumivu huisha kabla kano haijawa imara. Katika mwezi wa 3 mtu hutembea vizuri, halali tena na maumivu, kovu limekauka. Rafiki zake humwambia, "Wewe umepona, njoo uwanjani." Naye huenda. Goti halimwonyi, maana haliumi. Kisha hugeuka mara moja tu, na yote yaliyochangwa na kanisa hupotea.

Watafiti wa Oslo, Norwei, walieleza mwaka 2016 kwamba kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi mchezoni, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Tena waliona kwamba nguvu ya paja ikilingana na ya mguu mzima, hatari hupungua zaidi.

Kama hamwamini watafiti, mwaminini mchezaji. Yannick Bolasie, aliyevaa jezi ya Leopards ya Kongo yetu, aliumia goti tarehe 4 Desemba 2016 alipokuwa akichezea Everton ya Uingereza dhidi ya Manchester United. Hakukosa madaktari, wala chakula kizuri, wala walimu wa mazoezi wa kumhudumia kila siku. Alirudi mchezoni tarehe 26 Desemba 2017. Ni zaidi ya mwaka mzima! Ikiwa mtu huyo alihitaji mwaka, je, wewe wa Murara, uliye na magongo mawili na njia ya mawe, wataka miezi mitatu?

Makosa mawili

Wagonjwa hukosea kwa njia mbili. Wengine wafanya haraka, kama nilivyosema. Wengine waogopa. Mwoga hulala kitandani na mto chini ya goti, kwa kuwa goti lililokunjwa kidogo haliumi sana. Mama yake amhurumia na kumkataza asijisumbue. Siku zapita, goti lakauka likiwa limekunjwa, halinyoki tena. Paja lake lakonda kama la mtoto. Mtu huyu kano yake haikukatika, lakini atachechemea miaka mingi. Huruma ya namna hiyo humwumiza yeye aliyekusudiwa kusaidiwa.

Tena wako waendao kwa mwunga mifupa ili wakandwe kwa nguvu na kuvutwa. Simtukani mtu wa kazi hiyo. Nasema tu kwamba yeye haioni skrubu iliyo ndani, wala hajui kano mpya ina umri wa majuma mangapi. Asiguse goti lililopasuliwa.

Mazoezi yenyewe

Mwalimu wa mazoezi, yule ambaye wengi wetu humwita kine, ndiye atakayekuonyesha na kukupimia. Fuata neno lake na la daktari wako, hasa kama gegedu ilishonwa pia, maana hapo masharti ya kukunja na kukanyaga hubadilika. Lakini kwa kawaida safari ni hii:

1. Majuma 2 ya kwanza. Kazi kubwa ni kunyosha goti kabisa. Keti, weka kisigino juu ya kitenge kilichokunjwa, acha goti lishuke lenyewe. Kaza misuli ya mbele ya paja, hesabu hata 5, legeza, rudia mara 10. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Chezesha kifundo cha mguu juu na chini ili damu isisimame. Kunja goti kwa kuburuta kisigino kitandani polepole. Inua mguu ukiwa umelala ili uvimbe upungue. Barafu ni adimu kwetu. Kitambaa cha maji baridi chafaa, lakini usiloweshe kidonda.

2. Juma la 2 hata la 6. Magongo yaachwe pale tu mtu anapoweza kuinua mguu ulionyoka, na kutembea bila kuchechemea. Usione haya kutumia gongo juu ya mawe yetu. Ni afadhali kuchekwa kuliko kuanguka.

3. Juma la 6 hata mwezi wa 3. Egemea ukuta na kushuka kidogo, kisha panda. Panda ngazi moja na kushuka. Simama kwa mguu mmoja huku umeshika kiti. Usibebe bido, usipande moto, usipige goti juu ya chukudu.

4. Mwezi wa 3 hata wa 6. Nguvu ya paja izidi kuongezwa. Mwalimu aonapo paja lina nguvu na goti halivimbi, ataruhusu kukimbia polepole mahali palipo sawa.

5. Mwezi wa 9 na kuendelea. Kabla ya kurudi mpirani, apimwe. Aruke kwa mguu mmoja, kisha kwa wa pili. Mguu uliopasuliwa usipungukiwe chini ya sehemu 9 katika 10 za ule mzima.

Kuna mambo mawili ya nyumbani ambayo watu huona haya kuyauliza. La kwanza ni choo. Kuchutama hukunja goti kupita kiasi katika majuma ya mwanzo. Seremala aweza kutoboa kiti cha mbao na kukiweka juu ya shimo; ni kazi ya saa chache. La pili ni sala. Usipige magoti kanisani wala nyumbani mpaka uruhusiwe. Mungu humsikia pia aliyeketi, na wazee wa kanisa wasimtazame vibaya.

Rudi hospitali upesi ukiona haya: homa, usaha au wekundu unaoenea, shavu la mguu kuvimba na kuuma, goti kuvimba ghafula. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, usingoje hata saa moja, maana huenda damu imeganda na kupanda mapafuni.

Hesabu ya kanisa

Sasa nirudi kwa kanisa. Tumfikirie kijana wa Murara aliyeambiwa aende kwa mwalimu wa mazoezi mara 2 kila juma kwa majuma 12. Hizo ni safari 24. Kwenda na kurudi, atalipa moto mara 48. Wakati huo hafanyi kazi, na aliyemtegemea nyumbani hali kama zamani. Baada ya juma la 4 fedha imekwisha. Haendi tena, wala hamwambii mtu, kwa sababu aona haya kuwaomba tena wale waliokwisha kumpa. Twamwona Jumapili akichechemea, nasi twasema, "Upasuaji ule haukufaa." Twamlaumu daktari. Lakini sisi ndio tuliolipia nusu ya dawa tu.

Mzee mmoja aweza kuniuliza, "Mwanangu, fedha tutaitoa wapi? Mwaka 2025 vita vilipoingia mjini, benki zilifungwa. Wako wenye risasi, wako watoto wenye njaa. Wewe wataka tumlipie kijana moto wa kwenda kukunja goti?"

Baba, swali lako ni la haki, wala silijibu kwa wepesi. Anayekufa asaidiwe kwanza. Wala sisemi kwamba sadaka ya mwenye njaa itolewe kwa goti. Nasema hivi: kama tumekwisha kuamua kulipia upasuaji, basi tumalize tulichoanza. Fedha iliyotolewa kwa kisu bila mazoezi ni kama nyumba iliyojengwa kuta bila bati. Mvua ya kwanza yaiharibu.

Tena mzigo si mkubwa kama tunavyoogopa. Huko Calgary, Kanada, walilinganisha wagonjwa wa kano ya msalaba kwa miezi 3 ya kwanza. Wengine walikwenda kwa mwalimu wa mazoezi mara 17. Wengine walikwenda mara 4 tu, lakini walifundishwa vizuri kufanya kazi nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 2005, na hao wa mara 4 hawakuwa nyuma ya wenzao. Basi, mahali fedha haitoshi safari 24, mwulizeni mwalimu wa mazoezi awapangie safari chache, kila moja na kazi yake. Lakini kwa sharti moja: mazoezi ya nyumbani yafanywe kweli, kila siku. Na hapo ndipo kanisa lina mali ambayo benki haiwezi kuifunga, yaani watu.

Kwa hiyo natoa shauri hili. Kanisa linapochanga kwa upasuaji wa goti, mweka hazina agawe mchango katika bahasha mbili tangu siku ya kwanza: moja ya kisu, moja ya mazoezi. Ya pili isifunguliwe kwa jambo lingine. Kisha achaguliwe mtu mmoja wa karibu, jirani wa avenue ile ile, aende pamoja na mgonjwa kwa mwalimu wa mazoezi siku ya kwanza ili aone kwa macho yake. Kila jioni apite, akae dakika 20, ahesabu naye. Kazi hiyo kijana wa miaka 15 aweza kuifanya. Na mwenye kazi ampokee mgonjwa kwa kazi ya kukaa, kama ipo, badala ya kungoja mpaka aweze kubeba mizigo.

Mji huu wajua maana ya kuvumilia baada ya kisu. Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn, walianzisha hospitali ambayo leo yaitwa HEAL Africa. Kituo cha Shirika la Umoja, kwa miaka mingi na kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, kimewapa miguu ya bandia watu waliokatwa miguu na kuwafundisha kuitumia. Hakuna mtu wa Goma anayedhani kwamba mguu wa bandia ukifungwa leo, mtu atatembea vema kesho. Twaona mwenyewe akijifunza, akianguka, akiinuka, nasi twamtia moyo. Mwenye goti naye amepewa kitu kipya ndani ya mguu wake. Tofauti ni kwamba hatukioni, na kwa sababu hatukioni, twakisahau.

Nawe mgonjwa, neno la mwisho ni lako. Fedha ya watu i ndani ya goti lako. Ile sarafu ya mjane imo, na ile ya jirani asiyesali nasi imo. Hukuombwa kuirudisha. Waombwa tu kulinyosha goti lako asubuhi, mchana na jioni, hata siku ambayo huoni faida. Siku nyingi hutaona faida. Haba na haba hujaza kibaba, na goti hujaa nguvu namna iyo hiyo.

Jumapili ijayo mtazameni anayechechemea kati yenu. Msimwulize kwanza ni daktari gani aliyempasua. Mwulizeni, "Ndugu, leo umefanya mazoezi pamoja na nani?"